Nafasi Moja Iliyonitia Adabu

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Methali hii nimeifundisha mara nyingi, nikauchambua muundo wake na maana zake mbele ya wanafunzi, bila kujua kwamba siku moja ningeusikia mkuki wenyewe ubavuni mwangu. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa mhadhiri wa isimu, na katika muda huo wote kalamu yangu nyekundu haikujua huruma. Kosa lililonikera kuliko yote ni lile la kutenganisha viambishi na mzizi wa kitenzi. Mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, anaandika "ana soma" badala ya "anasoma", "nime kuja" badala ya "nimekuja". Nilikuwa nikilizungushia kosa duara, nikaondoa alama, kisha pembeni nikaandika neno moja tu: "Uzembe!"

Mwishoni mwa mwaka 2025 nafasi moja ya namna hiyo hiyo iliandikwa na mkono wangu mwenyewe, ikafuta kazi yangu ya wiki tatu. Siyasimulii haya ili kuwachekesha wanafunzi, ingawa najua watacheka. Nayasimulia kwa kuwa yamenilazimu kulitazama upya jambo nililodhani nimemaliza kulijua: kosa ni nini, na mwalimu ana wajibu gani mbele yake.

Chanzo cha yote kilikuwa ukata. Kipakatalishi changu nilikinunua mwaka 2016, na tangu siku hiyo kimekuwa kikitumia mfumo wa Windows. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo linaloufuata, lililotoka mwaka 2021, lina masharti yake: linahitaji kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijenzi maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine yangu haikuyatimiza masharti hayo. Lakini kioo chake kilikuwa safi, kibodi yake imara, na karo za watoto zilikwisha kuukalia mshahara wangu kabla haujafika. Mwenzangu mmoja kijana, anayefundisha hisabati, akaniambia, "Daktari, usiitupe. Itie Linux."

Jina hilo nilikuwa nimelisikia kwa miaka mingi, lakini kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha pili. Sasa nikaanza kuuliza. Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza tarakilishi na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki alipoutangazia ulimwengu kazi yake mwezi wa Agosti 1991. Kiini hicho kilikutanishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983 kwa nia ya kuwapa watu programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Stallman amelazimika kueleza mara kwa mara kwamba anazungumzia uhuru wala si bei, kwani Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili. Sisi Waswahili hatuna taabu hiyo. Tuna "bure", na tuna "huru". Programu za aina hii tunaziita programu huria, na hoja ikaisha hapo.

Hata msomaji anayedhani kwamba hajawahi kuiona Linux huenda ameikalia. Simu za Android huendeshwa juu ya kiini hicho. Tarakilishi 500 zenye nguvu zaidi duniani zote zimekuwa zikitumia Linux tangu Novemba 2017. Na miongoni mwa matoleo yake mengi liko moja, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linaloitwa Ubuntu. Mwanaisimu yeyote wa lugha za Kibantu atatabasamu akiliona jina hilo, maana -ntu ya Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa damu wa -tu yetu, na ubuntu wao ndio utu wetu. Toleo nililolichagua mimi sitalitaja, kwani makosa nitakayoyasimulia hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Siku za kwanza zilikuwa za fedheha. Kwanza nilitafuta ile diski iliyozoea kuitwa kwa herufi C, nisiione. Katika Linux hakuna diski C wala D. Faili zote na folda zote huanzia mahali pamoja panapoandikwa kwa alama ya mkwaju, na mahali hapo huitwa mzizi. Mimi, niliyekula chumvi nikiwafundisha watu mizizi ya vitenzi, nilikaa dakika ishirini mbele ya mzizi huo nisijue nishike tawi gani. Kisha nikapakua kutoka mtandaoni programu zilizotengenezewa mfumo wangu wa zamani, nikazibofya kama nilivyozoea, zisitikisike. Sikujua kwamba kila toleo la Linux lina ghala lake, na kwamba programu huombwa kutoka humo. Printa ya ofisini ilikataa kunitambua kwa siku nne, kwa kuwa nami sikujua kwamba ilihitaji programu ndogo ya kuitambulisha.

Siku ya tano nikaagizwa niandike nywila yangu katika dirisha la amri, yaani lile dirisha jeusi ambamo mtu huiamuru mashine kwa maneno badala ya kubofya picha. Nikaandika, lakini hapakutokea kitu. Hata vile vitone vinavyoficha herufi havikutokea. Nikadhani kibodi imekufa. Nikaipiga kwa kiganja, nikaizima mashine, nikaiwasha tena, nikarudia. Kumbe ndivyo ilivyokusudiwa: mashine hupokea nywila bila kuonyesha chochote, ili anayechungulia asijue hata idadi ya herufi.

Halafu kulikuwa na suala la herufi kubwa na ndogo. Nilihifadhi faili kwa jina "Barua", nikaiita kwa jina "barua", nikaambiwa haipo. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti, kama vile "pata" na "bata" yalivyo maneno mawili tofauti kwetu. Nimewafundisha wanafunzi jozi za namna hiyo kwa miaka yote hii, nikisisitiza kwamba tofauti ya sauti moja hubadilisha maana. Mfumo huu ukanifundisha mimi kwamba kila lugha huamua yenyewe tofauti zipi ni za maana, na mgeni hana budi kuzijifunza hata kama masikio yake hayazisikii.

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka yale niliyoyasoma nikiwa mwanafunzi. Mwaka 1967 Pit Corder alichapisha makala mashuhuri akieleza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha si takataka ya kufagiwa; ni ushahidi wa kanuni anazojijengea kichwani. Mwaka 1972 Larry Selinker akaipa jina lugha ile ya katikati ambayo mwanafunzi huijenga anapotoka katika lugha yake kuelekea lugha mpya, lugha yenye sarufi yake ambayo si ya kule wala si ya huku. Nadharia hizo nimezifundisha na kuzitungia maswali ya mtihani. Lakini kila nilipoketi kusahihisha nilizisahau, nikaandika "Uzembe!"

Alasiri moja aliingia ofisini mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa amekuja kuuliza kuhusu alama za zoezi lake, na karatasi yake alikuwa ameishika mkononi. Niliiona rangi nyekundu tangu mlangoni. Alinikuta nikitoa jasho mbele ya kioo, nikijaribu kunakili faili iliyoitwa Sura ya Pili kwa kutumia dirisha la amri, na kila mara nikikataliwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Kumbe nawe umehamia Linux?"

Nikamwitikia, kisha nikamuuliza kama anaijua. Akasema ndiyo aitumiayo chumbani kwake, katika tarakilishi kuukuu aliyoachiwa na kaka yake. Nilimsogezea kibodi anitatulie shida yangu upesi upesi. Hakuishika. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hebu soma alichokuandikia."

Nilikuwa sijasoma. Mashine ilikuwa imeniandikia mistari mitatu ya Kiingereza, nami nilipoona tu kwamba nimekataliwa niliruka maelezo yote nikajaribu tena vile vile, kama mwanafunzi anayetazama alama zake na kuitupa karatasi. Mistari yenyewe haikuwa na fumbo. Ilisema kwamba hakuna faili inayoitwa "Sura", hakuna inayoitwa "ya", na hakuna inayoitwa "Pili". Mashine ilikuwa imeyaona maneno matatu, nami niliona jina moja.

"Kwake, Mwalimu, nafasi ndiyo mwisho wa neno," akaeleza. "Ukitaka yawe kitu kimoja, yatie katika alama za mtajo."

Sijui kama aliyasema hayo kwa makusudi. Uso wake ulikuwa mtulivu. Lakini mimi niliitazama ile karatasi mkononi mwake, nikakumbuka duara zangu. Hatukuzungumza juu ya alama siku hiyo. Alinifundisha amri tatu: cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, na rm ya kufuta. Ni vifupisho vilivyotoka katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika Bell Labs huko Marekani. Nikafurahi kuona kwamba amri hizi zina sarufi: hutangulia kitenzi, vikafuata viambishi vyake, kisha yambwa. Akaniaga kwa onyo. "Hiyo rm, Mwalimu, haina pipa la taka. Ukifuta, umefuta."

Wiki mbili baadaye, usiku wa Jumamosi, nilikuwa nimemaliza kusahihisha insha 43 za wanafunzi wa darasa hilo hilo. Nilikuwa nimezisahihisha ndani ya tarakilishi, kila insha na maoni yangu, na zote zilikaa katika folda moja. Ndani ya folda hiyo zilikuwamo pia rasimu zangu za makala fulani, zilizopotea njia zikaingia humo: rasimu1, rasimu2, mpaka rasimu9. Nikaamua kuzifuta kwa mkupuo. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba kinyota, katika lugha ya amri, humaanisha "chochote kile". Kwa hiyo rm rasimu* ni kusema: futa kila faili ambayo jina lake linaanza na rasimu. Kwetu wanaisimu kinyota kina kazi nyingine. Tunakitanguliza mbele ya sentensi isiyokubalika, kuwaonyesha watu kwamba haisemeki hivyo. Laiti ningekumbuka maana hiyo usiku ule.

Niliandika rm rasimu, nikaacha nafasi, nikaandika kinyota. Nikabonyeza.

Mashine ilinijibu kwa mstari mmoja: hakuna faili inayoitwa "rasimu". Nikajiuliza imekuwaje, kisha nikaisoma amri yangu, na damu ikaniganda. Niliiambia ifute kitu kinachoitwa rasimu, halafu ifute chochote kile. Rasimu haikuwapo. Chochote kile kilikuwapo, na sasa hakikuwapo tena. Folda ilikuwa tupu.

Mwenzangu wa hisabati alikuja Jumapili, akahangaika mpaka jioni, akaokoa vipande visivyosomeka. Insha zenyewe hazikupotea kabisa, kwani wanafunzi walinitumia kwa baruapepe na nakala za awali zilikuwako huko. Yaliyopotea ni maoni yangu na alama zote, jasho la wiki tatu. Nakala ya akiba sikuwa nayo.

Sasa ikabaki Jumatatu. Nitawaambia nini watu 43 waliokuwa wakizingoja alama zao? Nakiri kwamba uongo ulinijia upesi kuliko ukweli. Ningeweza kusema mfumo umeharibika, au virusi vimeingia, au umeme ulikatika. Nani angebisha? Ni nyakati ngapi sisi wakubwa tumeisingizia mashine na wadogo wakaitikia? Lakini nikakumbuka mwanafunzi mmoja aliyewahi kuniambia kwamba flashi yake imeharibika ndiyo sababu hakuleta kazi, nami nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtu mzima hubeba mzigo wake.

Niliingia darasani, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni amri mbili, moja juu ya nyingine: ile niliyokusudia na ile niliyoandika. Nikawaeleza kila moja ina maana gani. Nikawauliza, "Tofauti iko wapi?"

Kimya kilitanda. Kisha kijana mmoja akasema, "Nafasi, Mwalimu." Nikawaambia kwamba nafasi hiyo imezifuta alama zao zote, kwamba aliyeiweka ni mimi wala si mashine, na kwamba nawaomba radhi na wiki tatu nyingine. Ndipo kutoka nyuma, sauti ambayo mpaka leo sijui ni ya nani ikasema, si kwa nguvu, lakini ikasikika darasa zima: "Uzembe!"

Hakuna aliyecheka. Walinitazama wote. Nilisimama na chaki yangu, nikitafuta jibu la kiprofesa, nisilipate. Mwishowe nikacheka mimi, nao wakaangua kicheko kilichosikika mpaka ukumbini. Lakini usiku ule nilijiuliza kwa dhati: je, ulikuwa uzembe? Kanuni niliijua, onyo nilipewa, na akili yangu ilikuwapo. Kilichoniponza ni mkono uliozoea kwa zaidi ya miaka thelathini kuacha nafasi kila neno linapoisha. Nilikosea kwa kufuata kanuni ya lugha nyingine.

Nikaanza kuzisahihisha upya zile insha, na safari hii nikaona jambo ambalo duara zangu nyekundu zilikuwa zikinificha. Wanafunzi wanaotenganisha viambishi na mzizi hawatenganishi ovyo. Huandika "ana soma", "nime kuja", "wata fika". Sijapata kuona hata mmoja aliyeandika "anas oma" au "ni mekuja". Huacha nafasi pale pale viambishi vya nafsi na wakati vinapoishia na kitenzi chenyewe kinapoanza. Yaani wanaujua mpaka wa mofimu, jambo ambalo mimi hutumia muhula mzima kulifundisha! Kosa lao lina sarufi ndani yake. Huenda wanasaidiwa na Kiingereza, ambacho hutenga nafsi na kitenzi. Huenda ni mazoea ya kuandika katika simu.

Tena, hata mpaka huo wa neno ni makubaliano ya waandishi wa lugha, wala haukushuka kutoka mbinguni. Katika Kizulu, kusema "ninazungumza" huandikwa ngiyakhuluma, neno moja. Katika Kitswana, ambacho ni Kibantu vile vile, maana hiyo hiyo huandikwa ke a bua, maneno matatu, na hayo ndiyo maandishi sanifu yao. Mwanafunzi wangu anayeandika "ana soma" angezaliwa Gaborone, mazoea yake ya kutenganisha yangempatia vyema.

Msomaji asije akadhani kwamba nasema kanuni zitupwe. La, hasha. Nafasi ni kitu cha maana, nami nililipia insha 43 kuujua ukweli huo. Kiswahili sanifu kinaandika "anasoma" kwa pamoja, na mwalimu asiyelisahihisha kosa hilo anamdhulumu mwanafunzi. Lakini kusahihisha si kutukana. Ile mashine niliyoiona katili ilinieleza kila mara ni neno gani halikueleweka na kwa nini. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, niliandika neno moja la kejeli pembeni mwa karatasi nikajiona nimefundisha. Nayo maelezo ya mashine yalikuwa katika lugha ya kigeni, ingawa hilo nalo lina dawa. Kwa kuwa programu hizi ni huria, mwenye lugha yake haombi ruhusa kuzitafsiri, na ndivyo walivyofanya wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kazi hiyo ingali inawangoja vijana wetu wa isimu.

Walimu wenzangu, sina ushauri mkubwa. Nasema tu kwamba kila baada ya miaka michache ni heri mwalimu ajitie katika jambo asilolijua hata kidogo, liwe Linux, liwe kushona, liwe lugha ya jirani yake, ili akumbuke jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuonekana mjinga kwa sababu tu amefika mgeni. Nanyi wanafunzi, someni mlichoandikiwa kabla ya kuitupa karatasi. Na muwe na nakala ya akiba.

Kipakatalishi changu kingali na Linux, na printa imekubali undugu. Wiki ya mwisho ya muhula yule binti alirudi ofisini na karatasi yake ile ile, sasa imekunjamana. Tuliipitia mstari kwa mstari. Alama zake sikuziongeza, kwa kuwa kanuni ni kanuni, naye hakuniomba. Lakini nilichukua kalamu, nikalikata lile neno nililoliandika pembeni, na chini yake nikamwandikia maelezo ya mistari minne. Aliyasoma yote kabla ya kuinuka.